Vita vile havikuvaa kiraia

Swali: Nafundisha historia sekondari, Morogoro. Nikiandaa somo la Misri ya akina Ptolemy, wafalme wa asili ya Kigiriki, nimekuta vita vilivyoanza mwaka 132 K.K. vikiitwa mahali pamoja "vita vya kiraia" na pengine "vita vya wenyewe kwa wenyewe". Niandike kipi ubaoni? Na Cleopatra II nimwite dada wa Ptolemy VIII au mkewe?

Mwalimu, nianze na la pili maana ni jepesi. Alikuwa vyote viwili. Ptolemy VIII, ambaye watu wa Alexandria walimpa jina la Physcon, yaani Kitambi, alimwoa umbu lake Cleopatra II, mjane wa kaka yao Ptolemy VI. Miaka michache baadaye akamwoa na binti wa mkewe huyo, Cleopatra III. Mama na mwana wakawa wake wenza. Makarani wa Misri hawakubabaika: katika hati zao mmoja ni "malkia Cleopatra, dada" na mwenzake ni "malkia Cleopatra, mke". Wafuate. (Nimesema umbu kwa makusudi. Ni neno la ndugu wa jinsia nyingine, tunalo tangu zamani, na inaniuma kuona tumeliacha life.)

Sasa hiyo "vita vya kiraia". Nimeipinga miaka mingi, na leo umenipa nafasi.

Hebu sikiliza watu wanavyolitumia neno lenyewe. Askari akimaliza zamu, akavua magwanda, akaingia mtaani na shati na suruali, tunasema amevaa kiraia. Mwanajeshi akifikishwa mbele ya hakimu wa kawaida badala ya maofisa wenzake, kesi yake iko mahakama ya kiraia. Nchi iliyotawaliwa na majenerali ikipata serikali ya watu wasio wanajeshi, imerudi kwenye utawala wa kiraia. Kila unapolikuta, kiraia limesimama mkabala na kijeshi. Kisha mtu analichukua neno hilo hilo, lenye maana ya kisicho cha jeshi, analibandika kwenye vita! Mwanafunzi wako akilisoma ana haki ya kumwona Kitambi na watu wake wamevaa mashati na suruali, wanarushiana mawe sokoni.

Haikuwa hivyo. Cleopatra II alikuwa upande mmoja, mumewe Ptolemy VIII na Cleopatra III upande wa pili. Kulikuwa na majemadari. Marsyas aliongoza majeshi ya Alexandria upande wa Cleopatra II, na Hegelochus, jemadari wa mfalme, akamshinda na kumteka. Kulikuwa na kiti cha enzi kilichonadiwa nje: Cleopatra alimwita mkwewe Demetrius II, mfalme wa Syria, aje amsaidie na apewe Misri. Kulikuwa na mtoto. Waandishi wa kale wanasimulia kwamba Ptolemy, alipokuwa amekimbilia Kupro, alimwua Memphites, mwana aliyezaa na Cleopatra, akamkatakata, akaviweka viungo sandukuni na kumpelekea mama yake siku ya kuadhimisha kuzaliwa kwake. Tafadhali nioneshe ukiraia uko wapi hapo.

Kosa lilianzia kwenye tafsiri. Warumi walisema bellum civile, vita vya civis kwa civis, na lugha za Ulaya zikarithi. Mfasiri wetu akafungua kamusi, akakuta civis ni raia, akafunga kamusi. Lakini civis wa Roma alikuwa mwenye mji, mtu mwenye kura. Raia tulimpata kwa Waarabu, na kwao asili yake ni kundi linalochungwa: mifugo kwanza, kisha watu walio chini ya mtawala. Umeona umbali? Mmoja ni mwenye nyumba, mwingine ni mbuzi wa mwenye nyumba.

Na mwenye nyumba Kiswahili tunamwitaje? Mwenyewe. Bisha hodi mlango wowote wa pwani uulize, "Wenyewe wapo?" Vita vya wenyewe kwa wenyewe ni vita vya wenye nyumba, na sijui vita vinavyostahili jina hilo kuliko vya kaka, dada na binti waliogombea nyumba moja. Wazee wetu wangelifikia hata civis kwa njia hiyo, bila kamusi.

Kuna atakayenikumbusha kwamba mwaka 131 umati wa Alexandria ulilichoma moto jumba la mfalme, na kwamba hao walikuwa raia hasa. Kweli. Siku hiyo ilikuwa ghasia za kiraia, na neno nalitoa kwa moyo mmoja. Miaka iliyobaki siitoi.

Wapo pia wanaolalamika kwamba wenyewe kwa wenyewe ni refu. Basi semeni "vita vya ndani", siwakatazi. Fitina ingetufaa sana, maana kwa Waarabu ndilo jina la vita vya aina hii, ila kwetu limeshuka hadi maneno ya uchonganishi, na kulipandisha tena ni kazi ya kizazi kizima. Makarani wa Kigiriki waliovishuhudia vita vyenyewe walikuwa na neno moja tu, amixia, kutochangamana. Fupi, na la kuhuzunisha.

Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime; wakipatana, chukua kapu ukavune. Mkulima wa Fayum, eneo la mashamba huko Misri, hakuweza hata kulima. Hao watatu walipatana mwaka 124, na mwaka 118 wakatoa amri ya msamaha kwa majina yao yote, mfalme, dada na mke: waliokimbia warudi makwao na kwenye kazi zao za awali, makosa yasamehewe isipokuwa kuua kwa kukusudia na kuiba mali za mahekalu, madeni ya kodi yafutwe. Hapo sasa, mwalimu, katika amri hiyo, ndipo raia anapoingia kwenye somo lako. Ubaoni andika "vita vya wenyewe kwa wenyewe, 132 hadi 124 K.K.", na hilo neno raia liweke akiba mpaka ufike kwenye waliokuwa wakirudi mashambani.