Volkano ya mtoto inatoa povu kidogo tu

Pole, mzazi mwenzangu. Umesema volkano ya mchezo uliyomtengenezea mtoto haimwagi povu nje, linaishia ndani ya chupa ya lita moja na nusu, na umetumia bekingi pauda. Hapo pana makosa mawili. Bekingi pauda imechanganywa na wanga, hivyo gesi yake ni kidogo. Nunua bekingi soda. Chupa nayo ni kubwa mno: tumia ya mililita 300 yenye shingo nyembamba.

Koroga kijiko kimoja cha chakula cha bekingi soda kwenye maji ya vuguvugu mililita 50, ongeza kijiko cha chai cha sabuni ya vyombo na rangi nyekundu ya chakula. Mimina chupani, ijengee mlima wa udongo, kisha mwaga siki nyeupe mililita 150 kwa mkupuo. Ukiitia polepole, gesi inapotea kabla povu halijapanda. Sabuni usiisahau, ndiyo inayoinasa gesi.

Usifunge kizibo kamwe; chupa inaweza kupasuka. Na angalia sana dukani usije ukapewa soda kali ya kutengenezea sabuni, inaunguza ngozi na kupofusha. Siki ikimrukia mtoto machoni, osha kwa maji safi yanayotiririka dakika 15, na maumivu yakiendelea mpeleke hospitali.