Kontena za LXC: Usikimbilie sudo

Haya ni maswali mnayoniandikia kuhusu LXC, zana ya kuendesha kontena (mifumo ya Linux iliyotengwa ndani ya mashine moja), kila moja na jibu langu chini yake.

Nimeandika `lxc-create -n duka`, amri ikagoma.

Hukutaja kiolezo, yaani utaratibu wa kupata mfumo utakaowekwa ndani ya kontena. Andika `lxc-create -n duka -t download -- -d debian -r bookworm -a amd64`. Vile vistari viwili vya katikati usiviruke: vinavyofuata hapo ni maelekezo ya kiolezo.

Kontena ipo, lakini haifanyi kazi.

Kuunda si kuwasha. `lxc-start -n duka`. Swali hili linaletwa kila mara, na `lxc-ls -f` ingekuonyesha neno STOPPED kabla hujaniandikia.

Nenosiri la root, yule mtumiaji mwenye mamlaka yote, ni lipi?

Hakuna. Ingia kwa `lxc-attach -n duka`, uliweke mwenyewe.

Haiwaki, na sababu haionekani. Nifute nianze upya?

Usifute! Endesha `lxc-start -n duka -F -l DEBUG -o duka.log`, kisha soma faili hilo. Bila logi sina la kukujibu.

Kwa sudo, yaani nikiendesha amri kwa mamlaka ya root, kila kitu kinakubali mara moja. Kuna ubaya gani?

Ubaya mkubwa. Ukiunda kwa sudo bila kupanga namba za watumiaji, root wa ndani ndiye root wa mashine nzima: namba yake ni 0 ndani, 0 nje. Kinachomzuia ni vizuizi kama AppArmor na seccomp, na akivipenya, mashine ni yake. Watengenezaji wa LXC wenyewe hawazihesabu kontena hizo kuwa salama. Tangu LXC 1.0, Februari 2014, mtumiaji wa kawaida anaweza kuunda yake. Fungua `/etc/subuid` na `/etc/subgid`, utafute mstari kama `juma:100000:65536`, yaani mtumiaji juma ametengewa namba 65536 kuanzia 100000. Kwenye `~/.config/lxc/default.conf` weka `lxc.idmap = u 0 100000 65536`, na mstari mwingine kama huo wenye `g`, wa makundi. Sasa root wa ndani, akitoka nje, ni namba 100000, asiye na mamlaka yoyote. Mtandao nao unahitaji ruhusa katika `/etc/lxc/lxc-usernet`: `juma veth lxcbr0 10`. Ni kazi ya dakika chache, nanyi mnaikwepa huku mkiweka data za wateja humo humo.

Windows itakaa ndani ya LXC?

Haikai. Kontena hutumia kerneli, yaani kiini cha mfumo, ya Linux ya mashine yako.

Nihamie Incus, ile programu nyingine ya kusimamia kontena?

Hamia. `incus launch images:debian/12 duka` huunda na kuwasha kwa mpigo, na namba za watumiaji hupangwa bila wewe kuombwa. Ila chunga kundi la `incus-admin`: uliyemwingiza humo umempa root ya mashine, hata kama hujamtajia nenosiri.