Wota pampu: panga la plastiki au la chuma?

SWALI: Fundi shikamoo, Golf 4 yangu ya 1.8T wota pampu (inayozungusha maji ya kupozea injini) inavuja, Kariakoo nimekuta ya panga (kile kifeni cha ndani kinachosukuma maji) la plastiki na ya chuma, nichukue ipi? Msomaji, Tabata

JIBU: Marahaba. Chukua ya chuma, kwenye hizo injini panga la plastiki linaweza kupasuka au likazunguka bure kwenye shafti, nje huoni tone ila kulanti (maji ya dawa ya kupozea injini) haitembei, gari inachemsha foleni ya Ubungo hapo. Ila chuma nacho ukijaza maji ya bomba (na Dar tunavyopenda!) kinaliwa kutu, weka kulanti. Kuvuja kwako lakini mara nyingi ni sili au beringi, panga halihusiki, kwa hiyo usiangalie panga tu ukanunua pampu feki. Na taiming belti badilisha hapohapo maana ndo inayozungusha hiyo pampu.