Kula Disney World: agiza pungufu ya idadi ya vichwa

Familia ya watu sita ikifika kwenye kaunta ya chakula ndani ya Walt Disney World, zile bustani za burudani za Disney kule Florida, Marekani, aghalabu mzazi mmoja huhesabu vichwa na kuagiza sahani sita. Hapo ndipo pesa inapopotelea. Sahani za kule zimepimwa kwa mtu mzima mwenye njaa anayekula peke yake, na mkimaliza kula, chipsi na mikate vinakwenda kwenye pipa. Ushauri wangu wa kwanza, na ndio mkubwa kuliko yote nitakayoandika hapa, ni huu: agizeni pungufu, wekeni chakula katikati, kuleni pamoja, kisha asiyeshiba aongezewe.

Piga hesabu uone. Kwenye migahawa ya kaunta, chakula cha mtu mzima siku hizi kinazunguka dola 15. Sahani sita ni dola 90 kabla ya kodi ya mauzo, ambayo katika kaunti ya Orange ni asilimia 6.5. Sahani nne ni dola 60. Hapo ni mlo mmoja tu, na siku ndefu ya bustanini huwa na milo miwili au mitatu. Mkikaa siku kadhaa, tofauti hiyo inatosha kumlipia mtu mwingine tiketi ya kuingia.

Wengi wetu tunalijua jambo hili tangu utotoni, kwa kuwa tumelelewa kwenye sinia. Lakini tukifika ugenini tunaona haya. Tunadhani kila mtu kuwa na sahani yake ndio ustaarabu, na kwamba watu watatutazama. Hakuna anayetazama. Kwenye kaunta za Disney hakuna ada ya kugawana chakula, na ukiomba sahani tupu na uma za ziada unapewa bila kuulizwa swali.

Aliyeniondolea haya hiyo ni mama mkwe wangu, alipokuja kututembelea kutoka Pangani. Tulikuwa Animal Kingdom, mojawapo ya bustani hizo, kwenye mgahawa wa Flame Tree Barbecue, ule wenye meza zinazoteremka hadi kando ya maji. Chakula cha kwanza kilipofika, kuku wa moshi pamoja na vya pembeni, alikitazama kwa muda akasema, "Hii si ya mtu mmoja, mwanangu." Akatuma mtoto alete sahani tupu, akachambua kuku kwa mkono, akawagawia wajukuu kwanza, kisha sisi. Kila mtu alikula akatosheka, na mezani hakikubaki cha kutupa. Tangu siku hiyo hatuagizi tena kwa idadi ya vichwa. (Kwa wasiokula nguruwe: mbavu za pale ni za nguruwe, na Marekani maharage ya kwenye nyama choma mara nyingi hupikwa na vipande vyake. Uliza kabla ya kuagiza, usione aibu.)

Najua mtakachoniambia: tukiagiza pungufu na chakula kisitoshe, nani atarudi kwenye foleni na jua lile? Ndiyo maana nasisitiza muagize kwa simu. Programu ya My Disney Experience, ambayo mtakuwa nayo tayari kwa ajili ya tiketi, inaonyesha menyu na bei za kila mgahawa. Unachagua, unalipa, na chakula kikiwa tayari unakwenda kukichukua dirishani. Faida yake kubwa si kukwepa foleni tu. Unaagiza umetulia, hakuna watu nyuma yako wanaokuharakisha, na watoto hawakushiki nguo wakionyesha picha ukutani. Mkiona hakijatosha, unaagiza sahani moja zaidi hapo hapo mezani huku wengine wanaendelea kula. Mara nyingi utaona hakuna haja. Joto la Florida la Julai na Agosti linakata hamu ya kula. Watoto wanataka kunywa na barafu, na mtoto aliyelilia chakula kizima anakula vipande vitatu vya kuku na kukimbia.

Halafu kuna menyu ya watoto. Kwenye kaunta hakuna anayeuliza umri wa mlaji. Chakula cha mtoto mara nyingi ni chini ya dola 10, na kwa kawaida huja na vya pembeni viwili pamoja na maziwa au chupa ndogo ya maji. Kwa mtu mzima asiye na njaa kubwa, hasa mchana, hicho ni chakula kamili. Mfano mzuri ni Satu'li Canteen, kule Pandora ndani ya Animal Kingdom, ambako wanauza mabakuli: unachagua wali au kitu kingine cha chini, nyama au samaki wa juu, na sosi. Bakuli la mtoto linafuata mtindo ule ule kwa kipimo kidogo. Mimi hula hilo. Siagizi sahani ya mkubwa pale ila nikijua kuna wa kunisaidia.

Maji msinunue kabisa. Kila kaunta yenye mashine ya soda inatoa kikombe cha maji ya barafu bure, hata kama hujanunua kitu. Unasema tu unataka maji, wanakupa, hata vikombe sita. Chupa ya maji ndani ya bustani inapita dola 3, na kwenye jua lile kila mtu anahitaji nyingi kwa siku. Maji ya Florida yana ladha ambayo baadhi ya watu hawaipendi. Kata ndimu nyumbani au hotelini, weka kwenye kifuko, kamulia.

Na hili watu wengi hawaliamini mpaka waone kwa macho: Disney wanaruhusu uingie na chakula chako. Chapati, mayai ya kuchemsha, matunda, maandazi, wali kwenye kontena, vyote vinapita kwenye ukaguzi wa mabegi. Visivyoruhusiwa ni pombe, vyombo vya glasi (isipokuwa vichupa vya chakula cha watoto wachanga), barafu ya vipande na barafu kavu. Tumia zile pakiti za barafu za kugandisha tena. Kisanduku cha baridi kisizidi inchi 24 kwa 15 kwa 18. Sisi hubeba kifungua kinywa na vitafunwa vya saa kumi, kisha tunanunua mlo mmoja tu mle ndani. Nawasihi msibebe kila kitu. Kumtembeza mtoto siku nzima kati ya harufu za vyakula na kumwambia kila saa "tumebeba cha kwetu" kunamkosesha raha, na raha ndiyo mliyoifuata. Mlo mmoja wa kununua, uliochaguliwa vizuri, unatosha kuwapa wote hisia kwamba wamekula kule.

Sasa paja la bata mzinga, kwa sababu kila mgeni analiulizia. Ni kubwa kweli; uzito wake hutajwa kuwa kama ratili moja na nusu, mfupa ukiwemo. Limekaushwa kwa chumvi na moshi, ndiyo sababu nyama yake ni ya waridi na ina ladha inayowafanya watu wadhani ni nguruwe. Si nguruwe, ingawa kwa anayefuata halali hilo pekee halitoshi. Mtu mmoja hawezi kulimaliza akabaki na hamu ya kupanda michezo. Watu watatu wakiligawana na mkate wa nyumbani, hapo lina thamani. Lina chumvi nyingi, kwa hiyo vikombe vya maji ya bure viwe karibu.

Kuna mahali ambapo ushauri wangu wa kugawana haufai, napo ni bustani ya EPCOT wakati wa tamasha la chakula la msimu wa mapukutiko. Vibanda vimezunguka ziwa, kila kimoja na vyakula vya nchi fulani, na sahani zake ni za kuonja. Mtu akitaka kushiba kwa kuonja atatumia pesa nyingi kuliko mgahawani. Ingieni mkiwa mmeshiba, kila mtu achague kimoja anachokitamani kwa dhati, basi.

Thamani ya pesa pia haipimwi kwa uzito wa chakula peke yake. Saa saba mchana, unaponunua sahani unanunua na kiti, kivuli na hewa baridi. Kwenye bustani ya Magic Kingdom kuna mgahawa unaitwa Columbia Harbour House wenye samaki na kamba, na una ghorofa ya juu ambayo watu wengi hawaipandi. Pale juu kuna utulivu. Mzee anaweza kunyoosha miguu, mtoto mchanga akalala, na hakuna anayekuja kuwaambia muondoke. Kwa familia iliyo na bibi au mjamzito, nusu saa ile ina thamani kuliko kipande cha ziada cha samaki. Mkitaka kupata nafasi, kuleni kabla ya saa sita au baada ya saa nane.

Kuhusu bufee, angalieni umri wa watoto kabla ya kitu kingine chochote. Aliye chini ya miaka 3 anakula bure. Wa miaka 3 hadi 9 analipiwa bei ya mtoto. Akifika miaka 10 ni mtu mzima, hata kama anakula tambi peke yake. Familia yenye watoto wa miaka 10, 11 na 12 wasiopenda kujaribu vyakula haipaswi hata kidogo kuingia kwenye bufee. Lakini mkiwa na kijana wa miaka 9 anayekula kama mvuvi aliyetoka baharini, huo ndio mwaka wenu wa kwenda.

Bufee ninayoipendekeza kwa wenzangu ni Boma, ndani ya Animal Kingdom Lodge, hoteli iliyofunguliwa 2001. Chakula cha jioni kwa mtu mzima kinazidi dola 50, kwa hiyo si cha kila siku. Nakipendekeza kwa sababu moja: supu zake, nyama za kuoka na bobotie ya Afrika Kusini ni vyakula vyenye viungo, na wazee wetu waliochoshwa na mkate na jibini wanakula pale kwa furaha. Wenye kujizuia na pombe wawe macho kwenye vitamutamu vyenye milia ya pundamilia. Ni maarufu sana na vinapendeza kwa macho, ila ndani kuna krimu yenye Amarula, na Amarula ni pombe. Watoto huvikimbilia, kwa hiyo semeni nao mapema.

Msemaji wa Kiswahili atapata hisia za pekee Animal Kingdom. Kijiji cha Harambe, ambacho wabunifu wakiongozwa na Joe Rohde walikipa sura ya miji ya pwani yetu kama Lamu, kina kuta zilizochakaa, mabango ya Kiswahili na banda la aiskrimu liitwalo Tamu Tamu. Mama mkwe alisoma kila kibao kwa sauti, na mimi nilijivunia. Lakini kwenye chakula msitegemee ladha ya Forodhani. Mapishi ya Harambe Market yametungwa kwa ulimi wa Kimarekani na viungo vyake ni vya upole. Kaeni pale kwa muziki na mandhari, kuleni kidogo.

Kama mna mlo mmoja tu wa kukaa na kuhudumiwa, pesa yangu ningeipeleka Sanaa, kule Kidani Village, upande wa pili wa hoteli hiyo hiyo. Hamhitaji kuwa wageni wa hoteli wala kuwa na tiketi ya bustani. Kuna basi la bure kutoka Animal Kingdom, na mwenye gari na nafasi ya mezani anaegesha palepale. Agizeni ile sinia ya mikate: naan na wenzake, mikate ya aina tano, na vitoweleo tisa vya kuchovya, kuanzia chatini ya maembe hadi vya pilipili kali. Imewekwa kama kianzio, ila ukiongeza sahani moja ya nyama yenye mchuzi, watu watatu au wanne wanakula vizuri. Madirisha yanatazama uwanda wenye twiga na pundamilia, na mkimaliza kula mnaweza kuzunguka kwenye vibaraza kuwatazama bila malipo.

Nafasi za mezani hufunguliwa siku 60 kabla, na asiyetokea hukatwa dola 10 kwa kila mtu aliyeandikishwa, kwa hiyo msiweke nafasi mbili mkisubiri kuamua. Kama mnakula halali au kuna mwenye mzio, andikeni wakati wa kuweka nafasi, na mkumbushe mkifika. Mwisho ni bakshishi. Kwenye kaunta hamdaiwi. Kwenye migahawa ya kuhudumiwa ni desturi kutoa asilimia 18 hadi 20, lakini kundi la watu 6 au zaidi huongezewa asilimia 18 moja kwa moja kwenye bili. Someni bili mstari kwa mstari kabla ya kusaini, maana chini yake huwa kuna nafasi nyingine ya kuandika bakshishi, na mkiijaza bila kuangalia mtalipa mara mbili.