Uliza Ujibiwe: Kanda za Baba Zimegeuka "Track 01"

SWALI: Shikamoo mzee. Marehemu baba aliacha kanda nyingi za dansi na taarab. Nilizipeleka kwa fundi akazihamishia kwenye kompyuta, akanirudishia flashi yenye mamia ya faili. Karibu zote zinaitwa "Track 01", "Track 02" au "mpya (2)". Chache zina majina, lakini nikizipiga kwenye redio ya gari jina linakatika: naona "Cuban Marimba Band na Salum Ab", basi. Ndugu zangu wakiniomba wimbo fulani nashindwa kuupata. Nianzie wapi? *Msomaji, Tanga*

JIBU: Marahaba mwanangu, Mungu amrehemu baba. Kabla hujagusa jina hata moja, rudi kwenye kanda zenyewe. Kila kanda ipe namba kwa kalamu ya wino usiofutika, na uiandike kwenye kanda, si kwenye kasha peke yake, maana makasha huhama. Wimbo wa tatu wa upande A wa kanda ya kumi na mbili utauita 012A03. Sifuri za mbele usizidharau: bila hizo, redio nyingi za gari zitapanga 10 kabla ya 2. Jina zima la faili litakuwa hivi: 012A03 - NUTA Jazz Band - Jina la Wimbo.

Namba hiyo isitoke kamwe. Jina la wimbo utalisahihisha leo, na mwakani mjomba atakusahihisha tena, lakini namba ndiyo itakayokurudisha kwenye kanda ukitaka kusikiliza upya au kusoma alichoandika baba kwenye kasha. Mwandiko wake upige picha kwa simu, kasha baada ya kasha, na kila picha ikae folda moja na nyimbo zake. Wapo wanaonunua diski kubwa za kuhifadhia muziki huku makasha wakiyatupa, nami huwa nasikitika sana, kwa sababu mara nyingi kasha ndilo shahidi pekee wa nani anaimba.

Wimbo usioujua jina, andika maneno yake ya kwanza ndani ya mabano ya mraba, ili kila atakayeuona ajue kwamba hilo si jina rasmi. Nyimbo nyingi za zamani majina yake ni maswali, na Windows haikubali alama ya kuulizia katika jina la faili, wala nukta mbili, wala mkwaju. Ziache huko nje, uziandike ndani, kwenye lebo.

Sasa tuje kwenye hizo lebo. Faili ya MP3 ina nafasi ndani yake za kuandika wimbo, msanii, albamu, mwaka na mengineyo. Zinaitwa ID3, na ndizo redio na simu zinazosoma. Toleo la kwanza, la mwaka 1996, lilitenga herufi 30 tu kwa wimbo, 30 kwa msanii na 30 kwa albamu. Hebu hesabu "Cuban Marimba Band na Salum Ab" pamoja na nafasi zilizo wazi: ni 30 kamili. Kwa hiyo ama programu ya fundi imeandika lebo za zamani, ama redio yako haisomi nyingine. Toleo la pili lilikuja 1998 na kuondoa kikomo hicho. Ndani yake chagua lile liitwalo 2.3, ambalo vifaa vingi hulielewa. Programu ya Mp3tag itakufaa ukiwa na Windows. Kid3 ni ya bure na hufanya kazi hata kwenye Linux. Zote mbili hukuwezesha kuchagua faili nyingi na kuziandika kwa mkupuo.

Kwenye nafasi ya msanii ndiko watu wanakoharibu historia. Chukua NUTA Jazz. Bendi ilianza 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, na kila chama kilipobadilika nayo ikabadilika: ikawa JUWATA Jazz mwishoni mwa miaka ya 1970, ikawa OTTU Jazz mwanzoni mwa miaka ya 1990, na baadaye Msondo Ngoma. Wapo wanaoziita nyimbo zote "Msondo Ngoma" ili zikae pamoja. Mimi sikubaliani nao hata kidogo. Andika jina ambalo bendi ilikuwa nalo siku iliporekodi, kwa sababu jina hilo peke yake linakupa umri wa wimbo. Ukitaka zikae pamoja, iko nafasi nyingine, ya msanii wa kupangia. Haionekani unaposikiliza, lakini programu nyingi huitumia kupanga orodha. Humo ndimo uandike "Msondo Ngoma" kwa zote.

Kinyume chake ni ndugu wa Wanyika. Simba Wanyika, Les Wanyika na Super Wanyika Stars walitoka shina moja, ila ni bendi mbalimbali, na Les Wanyika walijitenga mwaka 1978. Usiwarundike chini ya "Wanyika".

Mwaka nao mara nyingi hutaupata, kwa kuwa nyimbo nyingi zilirekodiwa Radio Tanzania Dar es Salaam na kutufikia kwa kunaswa hewani. Usibuni. Acha nafasi ya mwaka wazi, kisha kwenye maelezo andika unachokijua kwa hakika. Mbaraka Mwinshehe aliiacha Morogoro Jazz mwaka 1973 akaanzisha Super Volcano, naye alifariki Januari 1979. Basi wimbo wake akiwa na Super Volcano uandikie "kati ya 1973 na 1979". Salum Abdallah wa Cuban Marimba alifariki 1965, kwa hiyo sauti yake haiwezi kuwa ya baada ya hapo. Kosa ninalolikuta kila mara ni mwaka wa santuri iliyotolewa upya kuandikwa kana kwamba ndio mwaka wa kurekodi. Mtu anakuonyesha wimbo wa Cuban Marimba wa "2004"!

Tahajia chagua moja, usiiache. Marijani Rajab na Marijani Rajabu kwa kompyuta ni watu wawili. Jina la pili la msanii liweke kwenye maelezo, ili anayetafuta Fatuma binti Baraka ampate Bi Kidude.

Taarab inataka uangalifu zaidi, kwa sababu wimbo mmoja una wenyewe watatu au wanne: mshairi, aliyetia muziki, mwimbaji na klabu. Ukiandika mwimbaji peke yake umewafuta wengine. Mashairi mengi aliyoyaimba Juma Bhalo ni ya Ahmad Nassir, malenga wa Mombasa, na asiyeliona jina hilo atadhani mwimbaji ndiye mtunzi. ID3 ina nafasi ya mwandishi wa maneno, iliyo tofauti na ya mtunzi wa muziki; watu wengi hawaijui kwa sababu programu huificha. Kwenye Mp3tag fungua dirisha la lebo za ziada, utaiongeza. Klabu, iwe Ikhwani Safaa, Culture au Black Star ya hapo kwenu Tanga, ikae kwenye nafasi ya msanii wa albamu.

Aina ya muziki usikubali inayopendekezwa na mashine. Orodha ya mwanzo ya ID3 ilikuwa na aina 80; polka imo, rege imo, taarab haimo. Tena programu ikiona "Morogoro Jazz" hukimbilia kuandika Jazz. Futa, andika "Dansi" au "Taarab" kwa mkono wako.

Halafu, mwanangu, zichukue nyimbo zisizojulikana uwapelekee wenzake baba walio hai. Wapigie wimbo mmoja mmoja, bila haraka. Atakachokwambia mtu kiandike kwenye maelezo pamoja na jina lake na tarehe, ili wakitofautiana ajulikane nani alisema nini.

SWALI: Rafiki yangu anasema ipo programu inayosikiliza wimbo na kuandika majina yenyewe. Niiachie kazi yote? *Msomaji, Mombasa*

JIBU: Bila shaka anasema MusicBrainz Picard. Ni ya bure na ni nzuri. Huchukua alama ya sauti ya wimbo na kuilinganisha na hazina ya AcoustID, inayojazwa na watu wa kujitolea. Kwa santuri na CD zilizotolewa rasmi itakusaidia sana. Kwa kanda iliyonaswa redioni, ambayo mwanzo umekatwa na mwendo wa redio-kaseti uliyumba, mara nyingi haitapata kitu. Ihofie zaidi pale inapopata: sikiliza kabla ya kubonyeza kitufe cha kuhifadhi, na fanya kazi juu ya nakala, si kwenye faili za asili.

SWALI: Nina albamu moja ya taarab yenye waimbaji sita. Simu yangu inaionyesha kama albamu sita zenye wimbo mmoja mmoja. Nifanyeje? *Msomaji, Muscat*

JIBU: Simu inagawa kwa kumfuata mwimbaji. Chagua nyimbo zote za albamu hiyo kwa pamoja, nenda kwenye nafasi ya msanii wa albamu, andika jina la klabu kwa herufi zilezile kwa zote, na waimbaji uwaache walipo. Hakikisha jina la albamu nalo halitofautiani, hata kwa nafasi moja iliyoachwa mwishoni. Ukizirudisha kwenye simu, futa kwanza zile za zamani, maana simu nyingine hukumbuka orodha ya mwanzo mpaka faili ziondolewe.