Kwa Mnaoanza Kusimamia Ujenzi wa Pamoja Vijijini

Ndugu zangu mnaoingia katika kazi ya kusaidia kaya za kipato cha chini kujijengea nyumba, wengi wenu mmefundishwa vizuri kupima msingi na kukadiria saruji, lakini kikundi cha kaya kumi zinazojengeana nyumba kwa zamu hakivunjiki kwa sababu ya saruji. Huvunjika pale nyumba ya kwanza inapokamilika, mwenyewe akahamia, kisha akaanza kuchelewa na hatimaye kutoonekana kabisa kwenye kiwanja cha jirani yake. Kwa hiyo nawasihi mjenge kwa hatua, si nyumba moja baada ya nyingine: misingi yote ikamilike, ndipo kuta zote zipandishwe, ndipo lenta, yaani mikanda ya zege juu ya kuta, zifungwe, na kuezeka kuwe mwisho. Kikundi kikubaliane tangu mwanzo, kwa maandishi na mbele ya mwenyekiti wa kijiji, kwamba hakuna atakayehamia kabla nyumba zote hazijakamilika. Mpango wa serikali ya Marekani wa nyumba za vijijini, ambao hutaka familia zenyewe zifanye takriban asilimia 65 ya kazi, una sharti hilohilo, nami naliona kuwa la haki, ingawa ni gumu kwa familia inayovujiwa na mvua huku ikitazama kuta zake mpya.

Sharti hilo halina nguvu bila daftari la mahudhurio linaloaminika, na hapa ndipo mtakapobishana zaidi na wanakikundi. Vijana wanaofyatua matofali kwa mashine ya mkono watataka siku yao ihesabiwe kuwa nzito kuliko ya mama anayechota maji. Wakumbusheni kwamba tofali wanalofyatua, lile la kufungamana (linaloshikana na jingine ukutani) la udongo na saruji, halichomwi. Nguvu yake hutokana na saruji kukomaa polepole ikiwa na unyevu, na lisipofunikwa na kumwagiliwa kwa angalau siku 7 litamong'onyoka hata kama lilishindiliwa vizuri. Aliyechota maji amejenga ukuta sawasawa na aliyeshika mashine. Mzee anayelinda stoo usiku naye aandikiwe siku kamili, na mjane asiye na nguvu aruhusiwe kufidiwa na nduguze. Daftari lisomwe kwa sauti kila wiki mbele ya wote, maana wapo wasiojua kusoma, nao wana haki ya kusikia kilichoandikwa juu yao.

Kalenda ya shamba iheshimiwe. Katika Dodoma na Singida mvua hunyesha takriban kuanzia Desemba hadi Aprili, kwa hiyo ufyatuaji uanze baada ya mavuno na mabati yawe juu kabla ya mvua kurudi. Ukiwaita watu wakati wa palizi, umewalazimisha kuchagua kati ya nyumba na chakula, nao watachagua chakula, na ndivyo inavyopasa.

Kuhusu udongo nitasema machache: epukeni kujenga juu ya udongo mweusi wa mbuga bila ushauri wa mhandisi, kwa kuwa huvimba ukilowa na kupasuka ukikauka, ukipasua na kuta.

Ardhi ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaziwezesha kaya kupata hati ya hakimiliki ya kimila kupitia halmashauri ya kijiji, na inabatilisha mila inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki ardhi. Ombeni hati hizo kabla ya shimo la kwanza kuchimbwa, zikiwa na jina la mume na la mke, kwa sababu ndugu wa marehemu wakija kumtoa mjane katika nyumba iliyojengwa kwa jasho la kaya kumi, kaya zote kumi zimedhulumiwa. Mume akikataa jina la mkewe liandikwe, msingi wa kiwanja hicho usichimbwe mpaka wazee na halmashauri wamalizane naye, hata kama kaya tisa zimeshika majembe zikisubiri.