Barua kwa mwanangu: Kitabu cha wageni

Magomeni, Dar es Salaam

Mwanangu mpendwa,

Sisi huku hatujambo, na mguu wa baba yako unaendelea vizuri. Simu ilikatika kabla sijakujibu lile swali lako la Sheikh Hasina wa Bangladesh. Ulisema mama huyu ametawala miaka 15 mfululizo, jeshi lake, polisi wake, halafu tarehe 5 Agosti 2024 anapanda helikopta na kukimbilia India kwa sababu ya wanafunzi waliokuwa wakilalamikia mgawo wa ajira serikalini. Ukaniuliza, inakuwaje?

Unajua nilikuwa katibu muhtasi wizarani, enzi zile serikali yote iko hapa Dar. Mezani kwangu kulikuwa na kitabu cha wageni, daftari la jalada gumu: jina, atokako, shida yake, sahihi. Waziri mmoja niliyemtumikia alijaziwa kurasa mbili kwa siku. Saa moja asubuhi benchi limeshajaa, watu wameshika bahasha za kaki zilizolowa jasho la viganja. Mwaka mmoja nikaona ukurasa haujai. Wakurugenzi waliozoea kuja wenyewe wakawa wanatuma majalada kwa tarishi. Wafanyabiashara ndio kabisa, wakapotea. Hakuna aliyesema neno. Wiki chache baadaye, kwenye taarifa ya habari ya saa mbili usiku, likasomwa baraza jipya na jina lake halimo.

Tangu siku hiyo naamini kwamba mkubwa hutawala kwa mikono ya watu wachache, na kila mmoja wao ana swali moja moyoni: kesho huyu atakuwepo? Wakiamini atakuwepo, watavumilia mengi. Wakishaingiwa na shaka, kila mtu anatafuta mlango wake.

Mtazame Mugabe. Alishika Zimbabwe tangu 1980. Fedha ikaharibika hadi zikachapishwa noti za dola trilioni 100, mwaka 2008 akazidiwa kura na mpinzani wake Tsvangirai katika duru ya kwanza, na bado akabaki, kwa kuwa wenye bunduki walikuwa wake. Tarehe 6 Novemba 2017 akamfukuza makamu wake, Mnangagwa, watu wakaona anamsafishia mkewe njia. Makamanda waliopigana naye msituni wakajiona wanatupwa nje ya urithi. Tarehe 21 mwezi uleule akaandika barua ya kujiuzulu. Njaa ya wananchi ilikuwa imeshindwa kumtoa miaka yote hiyo, na hili linaniuma hadi leo.

Lakini usije ukadhani nasema barabarani hakuna kitu. Vijana wa Bangladesh walikufa kwa mamia, na damu yao ndiyo iliyowafikisha wanajeshi mahali pa kuamua kama wataendelea kuua watoto wa majirani zao. Wasudani walilijua hili vizuri mno. Aprili 2019 walikwenda kukaa mbele ya makao makuu ya jeshi, Khartoum, usiku na mchana, wakawauliza askari uso kwa uso. Siku ya sita, tarehe 11, majenerali wa Rais Bashir mwenyewe wakamwondoa, baada ya karibu miaka 30.

Na hapo kwa Bashir nataka ukae kidogo. Alidumu kwa kuligawa panga. Hakuliamini jeshi, akalea kikosi kingine cha wapiganaji pembeni, kile cha kamanda Hemedti, ili wachungane. Kwake kilimfaa miaka mingi. Alipoondoka, panga mbili zilibaki mezani na hakuna mwenye nyumba. Aprili 2023 zikakutana, na mamilioni wakayakimbia makazi yao. Ninapoona kiongozi anaongeza walinzi wasiosalimiana, siwahesabu walinzi wale, nawawaza akina mama wa Khartoum.

Hapa kwetu nyumba ina nyufa zake, sitakuficha. Ila Mwinyi aliondoka 1995, Mkapa 2005, Kikwete 2015, na tarehe ilijulikana mapema. Waliokuwa karibu nao hawakuhitaji kumwangusha mtu ili wapate zamu. Walingoja. Wewe umekulia ndani ya kungoja huko, kwa hiyo unakiona kitu cha kawaida. Mimi nilikuwa mtu mzima nilipokiona mara ya kwanza, na nililia mbele ya televisheni ya jirani.

Yule waziri wangu alirudi kukabidhi ofisi. Nilimfungia vitabu vyake na picha ya wanawe kwenye boksi la karatasi. Akaomba kitabu cha wageni. Alisimama pale mezani kwangu akikifungua kwa kurudi nyuma, ukurasa baada ya ukurasa, hadi akafika kwenye zile siku zilizojaa. Akasoma majina kwa muda mrefu, kidole kikifuata mstari. Kisha akakifunga, akanirudishia kwa mikono miwili, akabeba boksi lake mwenyewe. Tarishi alikuwa amekaa pale pale mlangoni.

Mama yako.